WATOTO WETU NA JAMVI LA KARAFUU

Na Katibu wa Chama



Msimu umekaribia. Mikarafuu imeanza kubeba, na kila mmoja wetu sasa anakagua majamvi yake, anatafuta magunia na kuwaagizia wachumaji. Desturi ya ukurasa huu ni kukumbushana mambo hayo: kuanika juu ya majamvi na si juu ya lami, kutochanganya karafuu na mpeta wala makonyo, na kuweka stakabadhi mahali pa salama. Yote hayo ni ya lazima, nami nitayarudia katika toleo lijalo, inshallah. Lakini leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya mali nyingine tuliyo nayo majumbani wakati wa msimu, ambayo haipimwi kwa mizani wala haiandikwi katika daftari la Chama. Nataka kusema juu ya watoto wetu wadogo, wale ambao hawajaingia darasa la kwanza, au ndio kwanza wameingia.

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana haifai Katibu kuwasema wenziwe ilhali naye ana lake.

Msimu uliopita, alasiri moja, nilirudi nyumbani mbio mbio kwa kuwa wingu lilikuwa limefunga na mvua ilikuwa ikinukia. Majamvi mawili ya karafuu yalikuwa uwanjani. Nilipofika nikamkuta binti yangu wa miaka mitano amekaa kitako pembeni mwa jamvi moja, na karafuu za pembe ile zote zimevurugwa. Nyingine alikuwa amezitia katika vifuu, nyingine amezipanga mafungu madogo madogo kama ya tungule sokoni. Nikapiga ukelele: "Wewe! Nani kakwambia uchezee karafuu?" Akaanza kusema, "Baba, mimi nili..." Sikumngoja amalize. Nikavipindua vifuu, nikayakumba mafungu yote kwa mikono miwili yakawa chungu moja, nikatia guniani na kuingiza ndani. Mvua yenyewe haikunyesha.

Mtoto akaenda kulia kwa bibi yake jikoni. Mama yangu akatoka na mwiko mkononi, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ulimwuliza alikuwa akifanya nini?"

Nikasema, "Sikumwuliza, mama. Niliiogopa mvua."

Akasema, "Haya, mvua iko wapi? Mwulize sasa."

Nilimwuliza baada ya magharibi, na ilinibidi nimbembeleze kwanza. Akanieleza hivi. Tangu adhuhuri alikuwa amewasikia wakubwa wakilalamika kwamba jamvi lile lina mpeta mwingi. Basi akaichambua pembe yake: mpeta akautia katika kifuu kimoja, na makonyo yaliyosalia akayatia katika kifuu cha pili. Kisha akateka konzi moja ya karafuu safi, akazigawa kwa watu wa nyumbani: moja ya bibi, moja ya baba, moja ya mama, moja ya kaka yake aliyeko dakhalia, moja yake mwenyewe, akarudia tena na tena mpaka zikaisha. Zilipoisha akaona kwamba fungu lake limepungua moja kuliko ya wenziwe. Nilipotokea mimi alikuwa akitafuta hiyo moja ya kulinganisha.

Ndugu zangu, niliona haya. Mtoto alikuwa amefanya kazi ya kutenga, na ya kugawa, na ya kuhesabu, na ya kulinganisha, tena bila ya kuambiwa na mtu. Mimi niliyesoma chuoni na sekondari ndiye niliyerudisha mpeta katika karafuu safi. Usiku ule mimi na mke wangu tulikaa mpaka baada ya isha tukichambua upya yale ambayo mtoto alikwisha kuyachambua mchana. Wenye kujua bei za madaraja hawahitaji kuelezwa kwa nini hatukuweza kuziacha vile vile.

MSIMU UNAPOINGIA NYUMBANI

Sote twajua msimu uingiavyo nyumbani. Wachumaji huondoka baada ya sala ya alfajiri na ngoe zao. Jioni karafuu hufika, na baba huwa yuko kwenye kupima pishi na kuwalipa watu. Mama huwa kwenye kuchambua, na chakula hakijapikwa. Watoto wakubwa huagizwa huku na huku. Mtoto mdogo hana kazi wala hana mtu. Tangu asubuhi mpaka usiku husikia maneno matatu tu: "Toka hapo", "Usishike" na "Kalale". Na jambo hili si la siku mbili. Msimu ukiwa mwema huendelea miezi, na miezi kwa mtoto wa miaka minne ni sehemu kubwa ya umri wake.

Mama yangu asema kwamba utotoni mwake haikuwa hivyo. Kazi ilikuwa nyingi kama leo, lakini kuchambua karafuu usiku kulikuwa ndiyo baraza. Watoto walikaa kati ya magoti ya mama zao na bibi zao, mikono ikifanya kazi na midomo ikisema. Hapo ndipo palipotegwa vitendawili, hapo ndipo palipotolewa hadithi za sungura na fisi, na hapo ndipo mtoto alipojua nani ni mjomba wa nani. Leo wachambuao huinamisha vichwa, kila mmoja na simu yake kando ya jamvi. Katibu wenu ni wa kwanza, kwa kuwa habari za bei na maswali ya wanachama huja humo. Simu si adui yetu. Lakini mtoto hawezi kuingia katika mazungumzo yaliyomo ndani ya simu ya baba yake.

KUCHEZA SI KUPOTEZA WAKATI

Wengi wetu twadhani mtoto huanza kujifunza siku anapokaa juu ya dawati. Lakini visiwa vyetu vimekwisha kuona vingine. Mpango wa skuli za maandalizi wa Madrasa, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wake, wengi wao mabibi wa vijiji vile vile, walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vilivyoko karibu: vifuu, makombe ya pwani, mbegu, makuti na vipande vya kanga. Mwaka 2006 sera ya elimu ya Zanzibar ikaingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Tena vikaja vituo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, ambamo watoto walifundishwa kwa vipindi vya redio huku wakiimba, wakiruka na kuhesabu. Jina lenyewe latosha kuwa somo.

Baada ya kisa cha jamvi nilimwendea mwalimu mmoja wa maandalizi wa hapa kwetu, nikamweleza aibu yangu. Alicheka, kisha akasema: "Bwana Katibu, uwanjani kwako pana vifaa vya darasa zima, na wewe unavifagia! Mtoto akija kwangu hali anajua maana ya 'kubwa kuliko', na 'nusu', na 'imebaki', na 'sawasawa', kazi yangu imekwisha nusu. Maneno hayo hayatoki ubaoni. Hutoka nyumbani, kwa mtu aliyezungumza naye."

Nikamwomba anifundishe michezo ambayo mkulima aweza kuicheza na mwanawe bila ya kuacha kazi yake. Mingine alinipa yeye, na mingine alinikumbusha mama yangu. Tuliijaribu nyumbani kwetu msimu ule ule ulipokuwa ukimalizika, na nawaletea ile iliyotufaa.

MICHEZO YA JAMVINI

Mchezo wa kwanza ni kutenga. Mpe mtoto pembe moja ya jamvi na vifuu vitatu. Mwambie: karafuu safi hapa, mpeta hapa, makonyo hapa. Kisha mwulize kwa nini hii ameiweka huku na ile kule. Msikilize jibu lake hata likiwa si sawa. Binti yangu aliniambia kwamba mpeta ni karafuu iliyochelewa kuamka. Mimi nilijua kwamba mpeta ni tunda la karafuu isiyochumwa kwa wakati wake, lakini sikupata kulisema jambo hilo kwa maneno mafupi kama yale.

Wa pili ni mchezo wa pishi. Wachumaji wetu hulipwa kwa pishi, na vipimo vyake wazee wote wavijua: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Mpe mtoto mchanga mkavu, kopo dogo na kopo kubwa. Kwanza akisie makopo madogo mangapi yatajaza kubwa, kisha apime mwenyewe. Usimwambie jibu. Akikosea atacheka na atapima tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtoto huyu ataona kwa macho yake kwamba walisema kweli.

Wa tatu twauita karafuu ishirini. Siku ya kuanika, mtoto ahesabu karafuu mbichi ishirini na kuzitandaza juu ya kitanga chake mwenyewe. Kila jioni azihesabu, azitazame rangi, azishike. Ataona kijani na wekundu vikiondoka na hudhurungi ikiingia, na ataona zikipungua unene. Siku nne au tano za jua kali zikipita, aivunje moja: ikikatika kwa mlio imekauka, ikipinda bado. Mtoto aliyepita njia hii ameshaelewa jambo ambalo wakubwa wengine hulisahau, kwamba karibu kilo tatu za karafuu mbichi ndizo zitoazo kilo moja kavu. Na mkiziingiza ndani kwa ajili ya mvua, na kitanga chake kiingizwe pia. Hilo msilisahau, maana yeye hatalisahau.

Wa nne ni kunusa. Mfunge mtoto macho kwa kitambaa, mpitishie puani karafuu, mdalasini, iliki, mchaichai na jani la mlimau, naye ataje jina la kila kimoja. Akishajua yote, mgeuzie: yeye akufunge macho wewe. Watoto hupenda zaidi zamu ya baba kukosea.

Wa tano ni duka. Funga vifuu viwili kwa kamba katika ncha mbili za kijiti, kisha tia kamba katikati uning'inize; hiyo ndiyo mizani. Majani ya mwembe ndizo fedha. Mtoto awe mnunuzi wa karafuu, na wewe uwe mkulima uliyeleta mzigo. Atakuuliza zimekauka? Zina makonyo? Hapo utayasikia maneno yako mwenyewe, na pengine utayasikia mengine ambayo hukutaka yasikiwe na mtoto.

Wa sita ni vitendawili, na huu hauhitaji kitu ila mdomo. Tulipoanza tena kuutega usiku wakati wa kuchambua, mimi nilitega changu: "Nilikwenda juani mnene wa kijani, nikarudi mwembamba wa hudhurungi, na hapo ndipo waliponitaka." Walikifumbua mara moja. Kisha binti yangu akasema naye ana chake. "Tega," tukamwambia. Akasema: "Ana kofia, hana masikio." Tulitaja msumari, tukataja uyoga, tukataja kibiriti. Hakuna aliyejua. Akataka mji. Tukampa Wete, akaukataa. Tukampa Chake, akaukataa. Akataka Mkoani, kwa sababu ndiko ziliko meli. Alipokwisha kuutembea mji wake akachukua karafuu moja jamvini, akaisimamisha katika kiganja na kutuonyesha kichwa chake. Bibi yake alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nimezishika karafuu tangu utotoni, na kofia ile sikupata kuiona.

MIPAKA YAKE

Sasa nasema jambo ambalo naomba lisomwe kwa makini, ili asije mtu akasema Katibu ametuamrisha tuwatie watoto kazini.

Kwanza, kucheza jamvini si kuajiriwa. Mtoto akichoka aondoke, na asiulizwe. Siku utakapomwekea mtoto wa miaka mitano kipimo cha kutimiza, mchezo umekwisha na kilichobaki ni kazi. Wala michezo hii isiwe sababu ya kumkosesha mtoto skuli au chuo. Na juu ya mti asipande kabisa. Mkarafuu mkubwa huzidi meta kumi, na hapana mwaka ambao hatusikii habari ya mtu mzima aliyeanguka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda mtoto na kazi za kumdhuru, lakini hata isingalikuwapo sheria, mzazi gani asiyejua hayo?

Pili, watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe karafuu kuchezea. Ni ndogo na ngumu, na zaweza kuwapalia. Wape vifuu vitupu, vijiko na vikapu. Nao watajaza na kumwaga kutwa nzima kwa furaha.

Tatu, mafuta ya karafuu yawekwe juu, mahali mkono wa mtoto usipofika. Sisi tumezoea kuyatumia kwa maumivu ya jino, na kwa mazoea hayo twayaona kama maji. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo, yaweza kumdhuru vibaya. Akipatwa na jambo hilo apelekwe hospitali mara moja, bila ya kungojea dalili.

NENO LA MZEE MMOJA

Nilipoyasimulia haya barazani, mzee mmoja wa Chama chetu hakupendezwa. Akasema: "Katibu, sisi tulilelewa kwa fimbo, hatukulelewa kwa michezo, na tumekuwa watu."

Nikamjibu kwa adabu: "Kweli, mzee wangu. Lakini niambie, kuhesabu ulifundishwa na nani?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Na babu. Kwenye bao." Akaeleza jinsi alivyokuwa akikaa pembeni mwa babu yake akimwangalia akitia komwe shimoni, na jinsi alivyopewa kazi ya kuhakikisha kwamba kete zote 64 zimerudi mwisho wa mchezo, maana mashimo ni 32 na watoto wa jirani walikuwa wakiiba. Hata kabla hajajua kusoma tarakimu alikuwa akitazama shimo lenye kete na kujua zitafika wapi. Alipokwisha kusema hayo akanitazama, akasema, "Lakini fimbo ilikuwapo pia." Sote tukacheka, na mazungumzo yakaingia mambo ya mbolea.

Sikudai kwamba nimemshinda mzee, wala yeye hakudai kwamba ameshindwa. Lakini nilikwenda nyumbani nikifikiri: fimbo aliikumbuka kwa neno moja, na bao la babu yake alilikumbuka kwa muda wa nusu saa.

Sisi wakulima wa karafuu ndio tunaopaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wote. Mche wa mkarafuu huupandi leo ukauchuma kesho. Hungojewa miaka sita, saba, hata minane ndipo utoe mavuno yake ya kwanza, na katika miaka hiyo huwekewa kivuli cha migomba, hupaliliwa, humwagiwa maji wakati wa jua kali. Hakuna mkulima aendaye kwenye mche wa miaka mitatu akaugombeza kwa kuwa haujazaa. Basi mche ule tunaouvumilia hivyo, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule ule ulipopandwa, kwa nini twamwambia, "Toka hapo"?

Nimejiwekea sharti moja msimu huu, nami nawaambia ili mnisaidie kulishika. Baada ya magharibi simu ya Katibu itakaa kabatini mpaka adhana ya isha. Mwenye haja ya bei au stakabadhi asinione mjeuri; naomba anitafute kabla ya hapo au baada ya hapo. Mke wangu asema atangoja aone. Ana haki, kwa maana ananijua.

Binti yangu sasa ametimiza miaka sita. Juzi, aliponiona nikiyakung'uta majamvi, aliniuliza pembe yake itakuwa ipi. Tumepatana itakuwa ile iliyo karibu na ukuta, ambako upepo haupeperushi. Na nimemwahidi kwamba wingu likifunga nitamwita kwanza, tuyakusanye mafungu yake pamoja, kila fungu na jina la mwenyewe.

Mwisho, ninalo ombi. Kila mwanachama atakayehudhuria mkutano wetu wa kufungua msimu alete kitendawili kimoja alichotega mtoto wake au mjukuu wake, si cha kusikia kwa watu, bali cha mtoto mwenyewe. Nitavikusanya, na vile vizuri tutavichapa katika ukurasa huu. Asiye na mtoto mdogo nyumbani na aazime wa jirani kwa usiku mmoja wa kuchambua. Hatakosa cha kuleta.

Nawatakia msimu wa heri, jua la kutosha, na majumba yenye mazungumzo.

Wenu,
Katibu